Usimkate mfanyakazi nauli ya basi lako: elimu kwa waajiri wanaotaka kupunguza magari kazini

Kila mwisho wa mwezi meza yetu ya malalamiko ya kazi hupokea karatasi za mshahara zilizokunjwa mara nne. Mojawapo ilikuwa ya mhudumu wa mapokezi wa kampuni iliyopo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Chini ya makato ya kawaida palikuwa na mstari mpya: "usafiri". Mwajiri wake alikodi basi dogo la kuwachukua watu Mbezi hadi Posta asubuhi, ili waache magari nyumbani. Nia nzuri. Ila mhudumu huyo hana gari, anaishi Kigamboni na huvuka kwa pantoni. Basi lenyewe hajawahi kulipanda.

Tunaamini waajiri wengi hawafanyi hivi kwa ubaya. Lakini kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, hakijaficha kitu. Makato kwenye ujira yanaruhusiwa pale yanapotokana na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au mfanyakazi anapokubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Tangazo la ubaoni si maandishi ya mfanyakazi. Ujumbe kwenye kundi la WhatsApp uliojibiwa kwa dole gumba nao tumeuona. Hatuwezi kumshauri mtu yeyote autegemee. Na ile hoja ya "walikaa kimya kwenye kikao, maana yake wamekubali" tumeichoka, tuseme ukweli.

Mfanyakazi akishakatwa, hatua zinazofuata ni hizi. Anajaza fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA F.1) ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Siku 30 ambazo wengi huzitaja ni za kuachishwa kazi, si za makato. Nakala anampelekea mwajiri kwanza, kisha anaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri ameipokea. Fomu isiyo na uthibitisho huo hurudishwa, na siku zinaendelea kuhesabika. Msuluhishi ana siku 30 za kusuluhisha, isipokuwa pande zote zikubaliane kwa maandishi kuongeza muda. Msuluhishi akishindwa, shauri huenda kwenye uamuzi, yaani mbele ya mwamuzi. Mwajiri anayesema "nilipuuza barua, nilidhani ni vitisho" ajue kwamba shauri linaweza kusikilizwa bila yeye.

Sasa, namna ya kupunguza magari bila kufika huko.

Anza na maegesho yako. Ofisi nyingi za Posta na Upanga zina mlinzi anayeweka jiwe au koni kwenye nafasi ya bosi tangu saa 12 asubuhi. Nafasi hiyo ina gharama, iwe imo ndani ya kodi ya pango au inalipiwa kando. Anayekuja na gari peke yake anaipata bure. Anayekuja na basi la mwendokasi hapati kitu. Kwa maneno mengine, mwajiri anamlipa mtu aje na gari, kisha analalamikia foleni. Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 1992: mwajiri wa kiwango fulani anayewakodia wafanyakazi maegesho na kuyatoa bure, ampe asiyeyatumia thamani yake kwa fedha. Hapa kwetu hakuna sharti hilo, lakini hakuna pia kinachomzuia mwajiri kulifanya kwa hiari. Angalizo: posho ya usafiri ya fedha ni sehemu ya mapato ya ajira na hukatwa kodi. Kuiita "posho" hakuiondolei kodi. Maswali zaidi ya hapo yapelekwe Mamlaka ya Mapato, si kwetu.

La pili ni saa, na hapa ndipo tunapoona fursa kubwa zaidi. Kama kila mtu lazima asaini kitabu saa 2:00 kamili asubuhi, kila mtu atakuwa barabarani saa 12:30, na aliye Kimara atagombania basi na jiji zima. Ruhusu wengine waingie saa 1:00 na wengine saa 4:00, kisha andika mabadiliko hayo. Kifungu cha 15 cha Sheria hiyo hiyo ya Ajira kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maelezo ya maandishi ya ajira na kumjulisha kwa maandishi.

Kifungu cha 21 kinakwenda mbali zaidi. Kwa makubaliano ya maandishi, mtu anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwa humo humo, bila kulipwa saa za ziada, ili mradi asizidi siku 5 wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Mwajiri mmoja alituletea rasimu ya siku 4 zenye saa 11 na robo kila moja, jumla 45. Hesabu ilikaa vizuri hadi tulipouliza watu wanakula saa ngapi. Ukiweka saa moja ya mapumziko, siku inafika saa 12 na robo, na hiyo robo ndiyo inayovunja sheria. Ofisi yenye wiki ya saa 40 haina shida hiyo: kuingia saa 1:00 asubuhi, kutoka saa 12:00 jioni, na safari za wiki zinapungua kutoka tano hadi nne. Kumbukeni pia pumziko la saa 12 mfululizo kati ya kutoka na kurudi. Mtu aliyemaliza siku ya saa 12 hana nafasi ya "malizia hiki kidogo".

Kwa bahati mbaya mipaka hii ya saa haiwagusi mameneja wanaosimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, nao ndio wenye magari. Hapo sheria haisaidii, labda mfano.

Kuhusu kupeana lifti, mwombe ofisa utumishi aorodheshe watu kwa mitaa, kwa ridhaa yao. Mimi mwenyewe nilikaa miaka miwili ofisi moja na jirani yangu wa Goba bila kujua. Tulikutana kwenye lifti ya jengo, kila mmoja ana ufunguo wake mkononi. Mwenye gari asigeuze viti kuwa biashara, maana kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni, nayo si ofisi yetu inayoitoa. Wanaokuja kwa baiskeli wanahitaji mahali pa kufungia na bafu lenye maji. Mwajiri anayetaka kusaidia nauli anaweza kujaza salio kwenye kadi ya nauli ya mfanyakazi.

Rasimu za makubaliano ya saa au usafiri zileteni kabla ya kusainiwa, nakala mbili, zikiwa na majina ya wafanyakazi wanaohusika. Njooni asubuhi, mchana maofisa wengi huwa kwenye ukaguzi, na jengo letu halina maegesho ya wageni.