Muungano wa kijeshi unalinda nini katika usalama wa nishati?

Usalama wa nishati ni uhakika wa nchi kupata mafuta, gesi na umeme wa kutosha wakati wote, kwa bei inayohimilika. Muungano wa kijeshi kama NATO hauchimbi mafuta wala hauzalishi umeme wa kuuza. Unachoweza kulinda ni njia.

Na njia zenyewe ni chache. Mwaka 2024, mapipa yapatayo milioni 20 ya mafuta yalipita Mlango-Bahari wa Hormuz, kati ya Iran na Oman, kila siku, karibu moja ya tano ya matumizi ya dunia. Novemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka Sirius Star, meli ya Saudi Arabia iliyosheheni mapipa milioni 2 ya mafuta ghafi. Mwaka uliofuata NATO ilianza doria ya Ocean Shield, iliyodumu hadi 2016.

Siku hizi hofu kubwa iko chini ya maji. Septemba 2022 mabomba ya Nord Stream, yaliyojengwa kupeleka gesi ya Urusi Ujerumani kupitia chini ya Bahari ya Baltiki, yalilipuliwa. Oktoba 2023 nanga ya meli iliharibu bomba la Balticconnector kati ya Finland na Estonia, na Desemba 2024 waya wa umeme wa Estlink 2, unaounganisha nchi hizohizo, ukakatika. Januari 2025 NATO ikapeleka manowari, ndege na droni kulinda Bahari ya Baltiki.

Kwa maoni yangu, doria ndiyo sehemu nyepesi. Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO husema mwanachama mmoja akishambuliwa kwa silaha, wote wameshambuliwa. Sasa nanga inayoburutwa sakafuni mwa bahari ni shambulio, au uzembe wa nahodha? Hata katika kesi ya kukatwa kwa waya wa Estlink 2, mahakama ya Helsinki, mji mkuu wa Finland, ilisema mwaka 2025 kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza.

Tena kuna mikato ya nishati isiyozuilika kwa manowari. Urusi ilipopunguza gesi yake mwaka 2022, ilifunga tu mabomba. Ulaya ilivuka kwa kununua gesi ya kimiminika, Marekani ikiongoza kuiuzia, kujaza maghala mapema na kubana matumizi. Kwa mafuta, kinga ya namna hiyo ilikuwepo zamani: Shirika la Kimataifa la Nishati, lililoundwa mwaka 1974, huzitaka nchi wanachama zinazoagiza mafuta ziweke akiba ya siku 90.