Almasi ya Kazi: Kutoka Mwamba wa Dodoma Hadi Kipima Usumaku

Vijana wengi wa jiolojia na fizikia ninaokutana nao hapa Dodoma huijua almasi kwa sifa moja, yaani ugumu, na wengi wao huishia hapo. Mimi niliyesomea tabia za metali na fuwele, na ambaye kazi yangu hunikutanisha na wachorongaji wa mikoa hii ya kati, naamini kwamba ugumu ndiyo sifa ambayo tayari tumeitumia sana. Makubwa yaliyosalia yamo katika namna almasi inavyopitisha joto, na katika kasoro ndogo zinazoweza kupandikizwa ndani yake.

Hata hivyo nianze na ugumu, kwa sababu ndio tunaoushika kwa mikono. Sehemu kubwa ya mwamba ulio chini yetu ni graniti ya kale sana, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na ndani yake mna kwatzi yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ambapo almasi ni 10. Kisima cha maji kwa kawaida hakihitaji almasi. Nyundo inayoendeshwa kwa hewa, yenye vitufe vya kabidi ya tungsteni, huuponda mwamba huo vizuri na kwa gharama ndogo. Lakini mtafiti wa madini anayetaka kipande kizima cha mwamba, mche mrefu unaoonyesha tabaka na mishipa jinsi ilivyo ardhini, hana budi kutumia biti ya almasi, yaani kichwa cha kukatia kilicho mwishoni mwa bomba la kuchoronga.

Biti hiyo ina siri ambayo hushangaza wanaoiona kwa mara ya kwanza. Chembe ndogo za almasi huchanganywa na unga wa metali, kisha mchanganyiko huo hushindiliwa na kuchomwa hadi ukawa kitu kimoja. Metali hiyo imekusudiwa kulika: chembe za juu zinapokuwa butu au kung'oka, metali inayozishikilia nayo husagika na kufunua chembe mpya zenye makali. Kwa hiyo, mwamba mgumu wenye chembechembe ndogo sana, usiokwangua sana, huhitaji biti yenye metali laini, ilhali mwamba unaokwangua kwa nguvu huhitaji metali ngumu. Anayechagua kinyume chake ataona biti inateleza juu ya jiwe bila kukata, au inaisha kabla ya wakati. Maji nayo hayapaswi kukatika hata kwa muda mfupi, kwani ndiyo yanayoondoa unga na joto. Biti iliyokosa maji huungua.

Kuhusu chuma, almasi ina udhaifu. Chuma chenye moto huyeyusha kaboni, nayo almasi ni kaboni tupu, hivyo viwanda vinavyokereza chuma cha pua au chuma kigumu hutumia zaidi naitraidi ya boroni yenye fuwele za mchemraba, kitu kigumu kilichoundwa kwa boroni na naitrojeni.

Chembe hizo karibu zote hutengenezwa na binadamu. Tanzania inao mgodi wa Mwadui huko Shinyanga, ambao chanzo chake ni ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940, lakini almasi ya viwandani ilibadilika kabisa baada ya kampuni ya General Electric ya Marekani kutangaza mwaka 1955 kwamba imeweza kuitengeneza kwa shinikizo kubwa na joto kali, huku metali iliyoyeyuka ikisaidia kaboni kujipanga upya. Njia ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Gesi ya methani kidogo huchanganywa na haidrojeni nyingi kwa shinikizo dogo kuliko la hewa tunayovuta, kisha mawimbi ya maikrowevu huigeuza kuwa plazima, yaani gesi ambayo atomu zake zimepoteza baadhi ya elektroni. Kaboni hutua juu ya kipande cha mbegu, na atomu za haidrojeni huondoa grafiti haraka kuliko zinavyoondoa almasi, hivyo kinachobaki na kukua, mikromita chache kwa saa, ni almasi safi.

Usafi huo ndio unaofungua mlango wa joto. Katika shaba, joto husafirishwa na elektroni huru, na ndiyo maana shaba hupitisha umeme pia. Almasi haina elektroni huru. Joto lake husafiri kwa mitetemo ya atomu zenyewe, ambazo ni nyepesi na zimefungamana kwa nguvu, kila moja na jirani zake wanne. Matokeo yake ni upitishaji wa takriban wati 2,000 kwa mita kwa kelvini, mara tano ya shaba, katika kitu kinachozuia umeme. Kwa anayebuni leza ndogo au transista za masafa ya juu, ambazo huharibika kwa joto lao wenyewe, mchanganyiko huu wa sifa hauna mfano.

Kasoro niliyoitaja hapo juu hutokea pale atomu ya naitrojeni inapokaa kando ya nafasi isiyo na atomu. Ikimulikwa kwa mwanga wa kijani hutoa mwanga mwekundu, na mwangaza huo hupungua maikrowevu zinapofika takriban gigahezi 2.87. Uga wa sumaku husogeza masafa hayo, hivyo kuyapima ni kuupima uga wenyewe, tena katika joto la kawaida la chumba. Sioni kwamba kipima usumaku cha namna hii kinahitajika kwa ndege zinazopima usumaku wa miamba, kwa kuwa vipo vyombo vinavyofanya kazi hiyo vyema. Nguvu yake ni ukaribu: kasoro moja inaweza kuwekwa nanomita chache tu kutoka kwenye seli au saketi.

Kinachokwamisha transista za almasi yenyewe ni kemia. Boroni huipa almasi chaji chanya za kusafirisha umeme bila shida kubwa, lakini fosforasi, inayopaswa kuipa elektroni, huzishikilia kwa nguvu kiasi kwamba katika joto la kawaida huachia chache mno, na vipande vikubwa vya fuwele moja bado ni vigumu kukuza na ni ghali.