Botox kwenye kovu la upasuaji: wanayosema watu na ilivyo

"Ile sindano ya mikunjo inafuta na makovu."

Haifuti. Ukilishika hili moja, mengi yanayofuata yatajieleza yenyewe. Botox ni jina la kibiashara la sumu ya botulinamu, inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Sumu hiyo huzuia mishipa ya fahamu isitoe asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukaze. Msuli usipopata amri, hulegea. Sasa kovu si msuli. Kovu ni kolajeni, nyuzinyuzi ambazo mwili umezirundika kuziba palipokatwa, na sindano hii haiziyeyushi.

Inasaidiaje basi? Simama mbele ya kioo, weka kidole katikati ya paji la uso, halafu inua nyusi. Utaisikia ngozi ikikimbia chini ya kidole. Tunafanya hivyo kutwa nzima bila kujua, tukishangaa, tukibishana, tukikunja uso kwa jua. Pakiwa na mshono wa siku tatu hapo, kila mara kingo za jeraha zinavutwa, na jeraha linalovutwa huongeza kolajeni na kuacha kovu pana. Fundi cherehani hahitaji kufundishwa hili: mshono wa kwapani huachia kabla ya ule wa mfukoni. Msuli ukilegezwa, jeraha linapata utulivu katika miezi ile ya mwanzo linapojishika.

Wazo hili lilijaribiwa kwanza kwa kima, matokeo yakatoka mwaka 2000. Mwaka 2006 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, wakachapisha jaribio la wagonjwa 31 wenye majeraha ya paji la uso. Wengine walichomwa sumu hii, wengine maji ya chumvi tu, kisha wapasuaji wasiojua nani kapewa nini wakapima picha za makovu kwa kipimo cha 0 hadi 10. Alama ya katikati ya waliopata dawa ilikuwa 8.9, ya wenzao 7.2. Wanaoiuza sindano hutaja hiyo 8.9 kwa sauti kubwa. Mimi naitazama pia ile 7.2: jeraha lililoshonwa vizuri, bila dawa yoyote, si haba.

"Kovu langu lina miaka kumi, nalo nilichome."

Hapo pesa itapotea. Dawa huanza kufanya kazi baada ya siku chache, hufika kileleni kwenye wiki ya pili, na kwa kawaida huisha baada ya miezi mitatu au minne. Kovu lenyewe hukomaa kwa muda wa mwaka hivi. Faida inatafutwa mwanzoni, ndiyo maana kwenye majaribio mengi sindano hupigwa siku ya kushona au siku chache tu baadaye. Kovu la zamani lililokwisha kutulia halivutwi tena kiasi cha kuhitaji kutulizwa. Ila daktari akiamua kulikata na kulishona upya, hapo kuna jeraha jipya, na mazungumzo yanaanza upya.

"Linafaa kovu lolote, hata keloidi."

Hapa ndipo ndugu zetu wengi wanapoumia, maana keloidi hutupata sisi wenye ngozi nyeusi zaidi ya wengine. Keloidi ni kovu linalovimba na kuota, nalo haliishii kwenye mipaka ya jeraha. Linatambaa hadi kwenye ngozi ambayo haikuguswa. Fikiria ile inayoota kwenye ndewe la sikio baada ya kutogwa. Ndewe halina msuli wa kulegeza! Kuna waliojaribu kuchoma sumu ndani ya keloidi, na majibu yao yanapingana. Njia zilizozoeleka ni sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kubana kwa shinikizo, au kukata na kufuatiliza mionzi. Kukata peke yake ni kualika keloidi irudi: ripoti zinaonyesha inarudi kwa karibu nusu ya wagonjwa, na katika nyingine karibu wote.

Ushahidi wenye uzito unatoka usoni na shingoni. Taiwan, mwaka 2014, ulitangazwa utafiti wa watoto wachanga walioshonwa mdomo sungura, mahali ambapo msuli unaozunguka kinywa hauna likizo, mtoto akinyonya, akilia. Makovu ya waliochomwa yalikuwa membamba zaidi. Tafiti hizi zote, hata hivyo, ni za watu wachache wachache.

"Imeidhinishwa na FDA."

Sentensi hii husemwa bila kumaliziwa. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha dawa hii mwaka 1989 kwa makengeza na kope zinazojikaza, na mwaka 2002 kwa mikunjo ya katikati ya nyusi. Kovu la upasuaji halimo kwenye orodha. Daktari anaruhusiwa kuitumia nje ya orodha, lakini akuambie hivyo kabla hujatia saini.

"Ni sumu, itaniua." Na mwingine: "Ni urembo tu, haina madhara."

Wote wawili wamekosea. Ni kweli ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Jina lake limetokana na neno la Kilatini la soseji, kwa sababu daktari Mjerumani Justinus Kerner aliwachunguza watu waliodhuriwa na soseji miaka ya 1820. Lakini kipimo cha kovu la usoni ni kidogo mno ukilinganisha na kiasi cha kuua mtu mzima.

Hatari kubwa iko kwenye kichupa na mkono unaokishika. Mwaka 2024 huko Marekani watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kudhurika kwa Botox bandia au iliyochomwa ovyo, na 11 kati yao wakalazwa. Dawa halisi hukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8. Uniti za Botox si sawa na za Dysport, chapa nyingine ya sumu hiyo, kwa hiyo "nipe kama aliyopewa fulani" haiendi. Mjamzito asubiri. Mwenye miasthenia, ule ugonjwa wa misuli kuchoka, aiepuke. Tena mwambie daktari kama unachomwa jentamaisini, dawa ya kawaida kabisa katika wodi zetu, maana inaweza kuizidishia sumu nguvu.

Baada ya sindano, kope ikianguka kidogo, mrudie aliyekuchoma. Ukishindwa kumeza, sauti ikibadilika au pumzi ikiwa nzito, hata kama ni wiki kadhaa baadaye, nenda moja kwa moja chumba cha dharura, na utaje jina la dawa mlangoni.