Daftari la Mlinzi na Blokucheni: Kuthibitishwa Bila Kujianika

Katika majengo mengi ya ofisi hapa Kampala, mgeni haruhusiwi kupita langoni kabla ya kuandika katika daftari la mlinzi jina lake, nambari ya simu na, mara nyingine, nambari ya kitambulisho cha taifa. Anayefuata kwenye foleni huyasoma yote hayo bila taabu.

Pendekezo ninaloletewa mara kwa mara, kwa kuwa kazi yangu ni kusanifu mifumo ya utambuzi, ni kulihamishia daftari hilo kwenye blokucheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi, baada ya kila nambari kupitishwa kwenye hashi ya SHA-256, hesabu inayoigeuza kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka, kwa hoja kwamba hashi haigeuzwi ikarudi ilivyokuwa. Hoja hiyo haitoshi. Nambari ya simu ya Uganda ina tarakimu tisa tu baada ya msimbo wa nchi, 256, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzipiga hashi nambari zote zinazowezekana chini ya saa moja, kisha ikalinganisha na zilizohifadhiwa. Nambari ya kitambulisho, yenye herufi na tarakimu 14, ni ngumu zaidi kukisia, lakini mwenye daftari la mlinzi hana haja ya kukisia: anazo tayari. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe au zifutwe, ilhali blokucheni imeundwa ili kilichoandikwa kisifutike.

Kinachofaa kuwekwa kwenye blokucheni ni ufunguo wa umma wa taasisi inayotoa hati za utambulisho, yaani nambari ya wazi ambayo yeyote huitumia kuhakiki saini ya kidijitali ya taasisi hiyo, pamoja na orodha ya hati zilizobatilishwa, iliyotayarishwa kwa namna isiyomtaja mtu. Hati yenyewe, ikiwa na saini ya kidijitali ya taasisi, hukaa kwenye simu ya mwenyewe. Akitakiwa kuonyesha kwamba ametimiza miaka 18, simu hutengeneza uthibitisho usiofichua kitu, aina ambayo wanasayansi wa kompyuta Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff waliieleza mwaka 1985: mkaguzi huridhika kwamba dai ni la kweli, bila kuona tarehe ya kuzaliwa wala jina. Kwa kuwa ufunguo na orodha ya ubatilishaji husomwa kwenye blokucheni, mkaguzi hana sababu ya kuiuliza taasisi kila mara, nayo taasisi haipati kujua mwananchi ameingia benki gani au zahanati gani. Kwangu mimi, faida hii ambayo wauzaji wa mifumo hawaizungumzii sana ndiyo kubwa kuliko zote.

Simu ikipotea, hati ya zamani hubatilishwa na nyingine hutolewa, jambo linalomlazimu mtu kurudi kwenye dirisha la ofisi akiwa na alama zake za vidole. Wenye simu za vitufe bado watahitaji kadi yenye chipu inayoweza kutengeneza uthibitisho huo, na hesabu zake ni nzito kwa chipu za bei nafuu.