Mstaafu Mwenye Biashara: Pensheni Haitozwi Kodi, Duka Linatozwa

Kila inapokaribia Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka) nchini Kenya, wastaafu hufika kwenye madawati yetu ya msaada wa kodi na kauli ileile: "Mimi nimeshastaafu, sidaiwi kodi." Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayowaletea adhabu.

Tangu Desemba 27, 2024, yalipoanza kutumika marekebisho ya sheria za kodi, pensheni inayotoka katika mfuko uliosajiliwa haitozwi kodi ya mapato mwanachama akishatimiza umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mfuko wake. Ndivyo ilivyo pia kwa anayejitoa mapema kwa sababu ya maradhi, na kwa aliyekuwa mwanachama kwa miaka 20. Awali, pensheni ilisamehewa yote kuanzia miaka 65, na wengi bado wameng'ang'ania umri huo, tena kwa kuupotosha. Haukuwahi kufuta kodi ya kila shilingi ya mzee. Duka, matatu na nyumba za kupangisha hutozwa kodi hata mwenyewe akiwa na miaka 80.

Kwa anayejiajiri na bado anaweka akiba, kiasi kinachoondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa ni kile kilicho kidogo zaidi kati ya vitatu: alichochangia hasa, asilimia 30 ya mapato yake, au shilingi 360,000 kwa mwaka. Sharti mfuko uwe umesajiliwa. Chama chenu cha akiba cha Jumapili si mfuko wa pensheni, hata kama mna katiba na mhuri.

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wanapojikwaa. Mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka kwa kawaida hulipa TOT (kodi ya mauzo), yaani asilimia 3 ya mauzo ghafi. Kodi hiyo haijali gharama, wala haijali pensheni. Changia utakavyo, TOT haipungui hata senti. Sheria inakuruhusu kujiondoa humo kwa kumwandikia Kamishna wa Kodi, ukalipa kodi ya kawaida ya mapato inayotozwa kwenye faida, lakini piga hesabu kwanza. Chukua muuza nguo mwenye mauzo ya milioni 3, anayechangia pensheni 120,000 kwa mwaka. TOT yake ni 90,000. Faida yake ikiwa 900,000, kodi ya kawaida baada ya kuondoa pensheni kwenye faida, kisha nafuu ya binafsi ya 28,800 kwenye kodi yenyewe, inafika 142,600, kwa hiyo abaki alipo. Faida ikiwa 400,000 tu, kodi ya kawaida inakuwa sufuri, na kila mwaka anaobaki kwenye TOT anatoa 90,000 za bure. Mshauri wa pensheni anayeahidi "nafuu ya kodi" bila kuuliza unalipa kodi ya aina gani anauza tu.

Anayehamia kodi ya kawaida ajue kwamba gharama zake lazima ziwe na ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Daftari la mkono halitoshi. Kodi yake ya mwaka ikizidi 40,000, hulipwa kwa awamu kufikia tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, na salio la mwaka hulipwa kufikia Aprili 30 ya mwaka unaofuata. Si Juni 30. Juni 30 ni mwisho wa kuwasilisha ritani, na akichelewa adhabu ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Mlipaji wa TOT huwasilisha na kulipa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Ritani ikichelewa ni shilingi 1,000, na malipo yakichelewa ni asilimia 5 ya kodi pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Mwenye nyumba za makazi zinazomwingizia kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pango ghafi, naye tarehe yake ni hiyohiyo 20.

Na tafadhali, mstaafu mwenye duka asijaze ritani ya sufuri (inayodai hakupata mapato) kwa sababu mhudumu wa saiba, duka la intaneti, amemwambia ndiyo rahisi. Aende na taarifa ya michango au ya malipo kutoka kwa mfuko wake, rekodi za mauzo, na PIN, yaani namba yake ya mlipakodi. Kama mfuko haukuchukua PIN yake wakati wa kumsajili, aipeleke kabla ya kuomba malipo.