Kwenda Al-Khazneh kwa njia ya maji

Kazi yangu ni kusanifu mitaro na makalavati, na imeniachia mazoea ambayo familia yangu imeyachoka: nikifika mahali popote penye sifa, kwanza nauliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Petra, mji wa kale uliochongwa kwenye miamba kusini mwa Yordani, inamfaa sana mtu wa namna hiyo. Wageni wengi huingia korongo la Siq wameinua simu, wanawahi Al-Khazneh, lile jengo maarufu lililochongwa mwambani mwisho wa njia. Ushauri wangu ni uende taratibu, macho yako yakiwa kwenye kingo mbili za njia, usawa wa goti hadi bega. Kwa maoni yangu kazi kubwa zaidi ya Wanabatea, Waarabu wa kale waliojenga mji huu, iko pale.

Ukishapita lango la wageni mjini Wadi Musa unateremka kwenye bonde la wazi, Bab as-Siq. Jua linachoma na hakuna kivuli. Unapita mapande makubwa ya mwamba yaliyochongwa mraba, ambayo yanaitwa mawe ya majini (yaani mashetani, si maji), kisha kaburi lenye minara minne iliyochongoka. Karibu kila mtu husimama hapo apige picha, na karibu hakuna anayetambua kwamba amesimama kando ya mto. Ndiyo, ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini ni mto, na kwa maumbile yake hauna pa kwenda ila ndani ya Siq.

Siq yenyewe ilianza kama ufa. Nguvu za ndani ya ardhi ziliupasua mwamba wa mchanga, na maji yakaja baadaye kulainisha kingo. Urefu wake ni takriban kilomita 1.2. Mahali pembamba upana unashuka hadi mita 3 hivi, na kuta zinapanda mita 80 au zaidi, kiasi kwamba anga inabaki utepe tu.

Sasa piga hesabu na mimi. Chukua bonde lenye upana wa mita 30, maji yanapita yakiwa na kina cha nusu mita. Mtu mzima anaweza kufikiri atavuka. Maji hayo hayo yakiingia penye upana wa mita 4 kwa kasi ile ile, kina kinakuwa karibu mita 4. Kasi ikiongezeka, kina kitapungua kidogo, lakini nguvu ya kukuzoa itazidi. Halafu milima ya pale ni mwamba mtupu na udongo mgumu: mvua haizami, inateleza yote kwa pamoja. Ndiyo maana jangwani inaweza kunyesha mbali, wewe uko kwenye jua kali, na mafuriko yakakukuta bila wingu hata moja kichwani.

Wanabatea walitaka njia hii iwe barabara kuu ya mji wao. Wakajenga kizuizi mdomoni mwa Siq, na upande wa kulia wakatoboa handaki la karibu mita 88 ndani ya mwamba. Mafuriko yakifika hapo hugeuzwa, hupita handakini hadi korongo la Wadi al-Mudhlim, huuzunguka mlima wa al-Khubtha na kutokea ng'ambo, karibu na katikati ya mji wa kale. Mto mzima umehamishwa. Nimeona miradi ya siku hizi yenye kompyuta na washauri lukuki ambayo haikuthubutu kufanya hivyo.

Aprili 1963 kizuizi hicho kilikuwa kimeshabomoka zamani. Mvua ilinyesha, maji yakaingia Siq kama yalivyokuwa yakiingia kabla ya Wanabatea, na watalii Wafaransa zaidi ya 20 wakafa. Baada ya msiba huo kizuizi kilijengwa upya mahali pale pale, na handaki la kale likarudishwa kazini. Wahandisi wa karne ya 20 hawakupata mpango ulio bora kuuzidi.

Ukiisha kuyaondoa maji mabaya, unahitaji kuleta yale mazuri. Ndani ya Siq, kushoto kwako kuna mfereji uliochongwa kwenye ukuta. Kulia kuna mkato ambamo yalilazwa mabomba ya udongo wa kuchoma, na vipande bado vinaonekana vimeshikwa na chokaa. Maji yalitoka chemchemi ya Ain Musa, ambayo kwa simulizi za wenyeji ndipo Nabii Musa alipoupiga mwamba. Tazama mteremko: ni mdogo na wa makusudi. Charles Ortloff, aliyechunguza mabomba haya kwa hesabu za mtiririko, anaona yalipangiwa kupitisha maji bila kujaa, ili shinikizo lisifungue maungio. Maelfu ya maungio, kila moja linaweza kuvuja. Fundi bomba yeyote wa Dar es Salaam ataelewa wasiwasi huo. Njiani kuna vibeseni vya kutulizia maji, mchanga uzame kabla haujaziba bomba.

Sakafu ya mawe unayoikanyaga hapa na pale ilifukuliwa miaka ya 1990, ilipoondolewa changarawe iliyokuwa imejaa. Ndipo zikaonekana sehemu za chini za mchongo wa ukutani wa mtu na ngamia wake. Juu umelika, miguu imesalimika kwa kuwa ilikuwa imezikwa. Ngamia hao ndio walioleta fedha ya kujengea haya yote: ubani wa Dhofar na manemane ya kusini mwa Uarabuni vilipita hapa. Periplus, kile kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 ambacho kinautaja mji wa Rhapta kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, kinaitaja pia njia ya kwenda Petra kwa Malichas, mfalme wa Wanabatea. Hupendi kusikia hivyo?

Kisha kuta zinabanana, na katika mwanya mbele yako unaona nguzo za rangi ya waridi. Al-Khazneh ina kimo cha karibu mita 39 na upana wa mita 25 hivi. Wataalamu wengi huihusisha na Mfalme Areta wa Nne, yule ambaye liwali wake alitaka kumkamata Mtume Paulo kule Dameski. Ilichongwa kuanzia juu kushuka chini. Safu mbili za vishimo pembeni, pengine za kushikilia jukwaa la mafundi, bado zipo. Chungu kilichoko juu kabisa kina makovu ya risasi za watu walioamini kimeficha dhahabu ya Firauni. Ni mwamba mtupu.

Mimi huangalia chini. Uwanja unaosimama juu yake umepandishwa na mashapo ya mafuriko, mita kadhaa juu ya ule wa kale. Mwaka 2003 yalifukuliwa makaburi chini ya uso wa jengo, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba kaburi jingine lina mifupa ya watu 12. Adui wa sasa ni wa polepole: unyevu hupanda ndani ya jiwe na chumvi, maji hukauka, chumvi huganda na kuumenya mwamba punje kwa punje. Ndiyo maana sehemu za chini za makaburi mengi ya Petra zimelika kuliko za juu.

Nenda asubuhi, kwa kuwa uso wa jengo unatazama mashariki na jua hulifikia kabla ya saa sita. Lakini uliza hali ya hewa ya milimani, si ya hapo ulipo. Novemba 2018 maelfu ya watalii waliondolewa Petra kwa sababu ya mafuriko. Ukisikia king'ora ukiwa ndani ya Siq, usikimbilie mlangoni ulikoingilia kama maji yanatokea huko; tafuta ngazi au mwinuko wowote ulio karibu, upande, na ukae huko hadi walinzi wakuambie ushuke.