Giza la makumbusho si kubana umeme

“Nimelipa kiingilio cha Ulaya, nikaingizwa chumba cha giza. Wanabana umeme.” Malalamiko haya yananiuma, kwa sababu humfanya mgeni apite mbio mbele ya vitu adimu kuliko vyote mle ndani. Kazi yangu ni kuhifadhi michoro ya karatasi, kwa hiyo nieleze.

Chukua Norwich Castle, makumbusho ya mkoa wa Norfolk, Uingereza, yenye michoro ya rangi za maji ya John Sell Cotman, mzaliwa wa mji wa Norwich, 1782. Kwa kawaida michoro ya mafuta huwekewa laksi 200 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Karatasi na nguo, 50. Nje, hata kukiwa na mawingu, ni maelfu. Ukiingia, kaa dakika 5 hadi 10 macho yazoee.

Madhara ya mwanga hulimbikizana. Saa 1 kwenye laksi 200 inakula rangi sawa na saa 4 kwenye laksi 50, na rangi iliyopauka hairudi. Kanga iliyosahaulika kambani hupauka upande uliotazama jua. Ndani ya mkunjo rangi hubaki. Mchoro ni vivyo hivyo. Wachoraji wa zama zile walichanganya buluu ya nili na wekundu wa udongo kupata kijivu cha mawingu. Nili hutangulia kutoweka, wekundu hubaki. Basi ukiona anga la waridi, usiseme haraka kuwa ni machweo. Tazama ukingoni, pale palipofunikwa na kadi ya fremu ya zamani: mara nyingine buluu bado ipo.

Michoro ya rangi za maji ya Turner, mchoraji wa Uingereza, iliyofika makumbusho ya Edinburgh, Uskoti, na Dublin, Ireland, mwaka 1900 kwa wosia wa mkusanyaji Henry Vaughan ilikuja na sharti: ionyeshwe Januari tu, jua likiwa hafifu.

Lakini laksi 50 ni mapatano tu. Nili hupauka hata hapo. Na jicho la miaka 60 hupokea takriban theluthi ya mwanga unaoingia jicho la miaka 20. Kwa mzee, lile ni giza kweli, na sisi wahifadhi hatujamtendea haki. Flashi ya simu nayo haidhuru kama tunavyotangaza. Sababu kubwa ya kuizuia ni kwamba inawapofusha wenzako waliokwisha kuzoea giza.

Usipoukuta ukutani mchoro uliousafiria, huenda umepumzishwa: huonyeshwa miezi michache, kisha hurudi kabatini kwa miaka. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla ya safari, ukitaja namba yake ya katalogi. Makumbusho mengi yana chumba cha kusomea, nawe utaletewa mezani.